Kilichovuka uzio si siri tena: barua ya wazi kwa wenye mhuri

Kwa mawaziri wenye dhamana ya mazingira, wakuu wa mamlaka za udhibiti, wanasheria wa ofisi hizo na maofisa wa masijala,

Waheshimiwa,

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kupima maji: ya mito, ya visima, ya mabomba, na mara nyingine maji ambayo mtu ameyaleta mwenyewe kwenye chupa, wasiwasi umemjaa usoni. Sina mazoea ya kuwaandikia viongozi. Nawaandikia kwa sababu nimefika mahali ambapo kazi yangu haisogei, na kinachoizuia si mashine wala fedha. Ni mhuri ulio mezani kwenu.

Siku moja walikuja wakazi wa kando ya mto, upande wa chini wa bomba la kiwanda. Walisema maji yana harufu kama ya rangi ya kupaka ukutani, na watoto huwashwa mwili kila wakioga. Nikapima ninavyopima siku zote: uchachu, chumvi, nitrati, risasi, zebaki, arseniki, vijidudu vya kinyesi. Kila kipimo kilirudi ndani ya viwango. Nikawaeleza hivyo nikiamini kwamba ninawapa habari njema. Bibi mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza: "Mwanangu, ulitafuta nini humo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nimetafuta ninavyovijua.

Wengi hudhani ukiweka maji kwenye mashine, mashine itakutajia kila kilichomo. Sivyo. Maabara hujibu swali ililoulizwa. Ili nipime kiasi cha kemikali fulani, sharti kwanza nijue jina lake, kisha nichague njia ya kuitenga na maji, kisha niwe na kemikali hiyohiyo iliyo safi ya kulinganishia. Mashine zenye uwezo mkubwa huweza kuonyesha kwamba kuna kitu kigeni, kilima kidogo kwenye grafu kisicho na jina. Lakini kutoka kwenye kilima hicho hadi kusema ni nini, ni kiasi gani na kinamfanya nini mtoto anayekioga, hiyo ni kazi ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na maabara nyingi haziiwezi kabisa. Mwenye jina mkononi anaanza kupima kesho asubuhi.

Nikaandika kwa mamlaka husika kuomba orodha ya kemikali zilizotajwa kwenye kibali cha kutiririsha majitaka. Baada ya kungoja sana, kibali kilikuja, kiambatisho chenye orodha kikiwa kimepakwa wino mweusi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hata safu ya kiasi cha maji yanayotoka kwa siku ilikuwa imefutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa maneno matatu: siri ya kibiashara. Sikuambiwa siri hiyo inalinda nini, nani aliyeipima akaridhika, wala itakwisha lini. Siitaji ofisi ile wala kiwanda kile, kwa kuwa wino huohuo umewafikia wenzangu wengi wa kazi hii, kutoka ofisi nyingine kabisa.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Namna kampuni inavyotengeneza bidhaa yake ndani ya uzio wake inaweza kuwa siri yake, na mkiilinda mnafanya haki. Lakini kile kinachovuka uzio, kwa bomba la maji au la moshi, kwa lori la taka, kwa vumbi au kwa kumwagika, kimeacha kuwa cha kampuni. Kimeingia kwenye maji na hewa ya watu wengine, na watu hao wana haki ya kukijua kwa jina na kwa kiasi.

Naomba mnivumilie niwakumbushe Minamata, mji wa pwani nchini Japani, maana kila ninapoona ukurasa mweusi naufikiria mji ule. Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa, aliyeongoza hospitali ya kampuni ya kemikali ya Chisso, aliitaarifu idara ya afya kuhusu ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Watu walikuwa wakipoteza uwezo wa kutembea, kusema na kuona. Hosokawa hakuishia kwenye taarifa. Alichukua majitaka ya kiwanda cha mwajiri wake, akayachanganya kwenye chakula cha paka, na Oktoba 1959 paka aliyeandikwa namba 400 akaanza kutetemeka na kuyumba kama wagonjwa wake. Fumbo lilikuwa limefumbuliwa, tena lilifumbuliwa ndani ya uzio wenyewe. Kampuni ikamzuia kuendelea na majaribio hayo, na matokeo hayakutoka nje. Desemba ya mwaka huohuo ikazindua kwa sherehe mtambo wa kusafisha majitaka, mtambo ambao haukuwa suluhisho la zebaki iliyokuwa ikiwaua watu. Kiwanda kiliendelea kumwaga majitaka yenye zebaki hadi 1968, mwaka ambao serikali ilitamka rasmi chanzo cha ugonjwa. Hosokawa alitoa ushahidi wake 1970 akiwa kwenye kitanda cha hospitali, na hakumaliza mwaka ule.

Kutoka kwa paka namba 400 hadi 1968 ni karibu miaka tisa. Ndani ya miaka hiyo watu waliendelea kula samaki wa ghuba ile, na wanawake waliendelea kushika mimba, na zebaki ya aina ile hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kule Minamata aliyeficha alikuwa mmoja, na walioumbuliwa na kifo walikuwa wengine.

Najua mtanijibu kwamba siri za biashara nazo ni haki. Ni kweli, na sitaki kulipita jambo hili juu juu, maana sisi tunaodai taarifa tumewahi kulidharau na tukapoteza hoja. Mtu aliyekesha miaka kumi akitafuta kichocheo kinachofupisha kazi ya siku mbili kuwa ya saa mbili asinyang'anywe jasho lake kwa barua ya ombi. Uwiano wa viambato, halijoto na mgandamizo ndani ya mtambo, michoro yake, bei anayonunulia malighafi, jina la anayemuuzia, zabuni ambayo haijafunguliwa: vyote hivyo nikikabidhiwa mimi, ningevifungia kabatini.

Tazameni lakini maana yenyewe ya siri ya biashara kama ilivyokubaliwa kimataifa. Kifungu cha 39 cha mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, wa mwaka 1994, kinataka mambo matatu. Taarifa iwe haijulikani kwa watu wa fani hiyo. Iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu haijulikani. Na mwenye nayo awe amechukua hatua za maana kuitunza isitoke. Mtu anayeimwaga taarifa yake mtoni mchana na usiku amechukua hatua gani ya kuitunza? Hata pale kifungu hichohicho kinapolinda data za majaribio ya kemikali za kilimo, kimeacha mlango wazi: zilindwe, isipokuwa pale inapolazimu kuzitoa ili kuulinda umma. Mkataba huo uliandikwa na watu wa biashara kwa ajili ya biashara, na bado waliliona hilo.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa maabara hulijua vizuri kuliko mwanasheria. Mshindani wa kampuni ile hahitaji kibali chenu ili kujua kinachotoka kwenye bomba. Ana wakemia, ana mashine, ana miezi ya kungoja na fedha za kulipa. Atamtuma kijana na chupa, achote chini ya daraja, apeleke maabara, na atakipata anachokitaka bila kuvunja sheria yoyote. Wino wenu haumzuii huyo. Unamzuia bibi aliyeniuliza swali, unamzuia nesi wa zahanati anayetibu vipele bila kujua chanzo, unamzuia mvuvi, na unanizuia mimi. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, na hapa kata ni watu wanaoyanywa maji hayo kila siku. Wanaijua siri kwa miili yao. Walichonyimwa ni jina lake tu.

Januari 2014 jina hilo lilitafutwa kwa hofu kubwa katika jimbo la West Virginia, Marekani. Kemikali ya kuoshea makaa ya mawe ilivuja kutoka kwenye tangi la kampuni binafsi na kuingia mto Elk, juu kidogo ya mahali mtambo wa maji wa Charleston unapovuta maji. Watu wapatao 300,000 wakaambiwa wasinywe, wasipikie, wasioge. Iliyovuja ilijulikana kwa herufi MCHM, na taarifa za madhara yake kwa binadamu zilikuwa chache mno. Wataalamu wakapanga kiwango cha tahadhari, wakapima, wakapima tena, watu wakaanza kuruhusiwa kutumia maji. Karibu wiki mbili baada ya kuvuja, kampuni ikasema kwamba mle tangini mlikuwa na kemikali ya pili, na kwenye karatasi ya usalama utambulisho wake ulikuwa umezuiwa kwa kuwa ni mali ya siri ya biashara. Siku zote hizo maabara zilikuwa zikitafuta kitu kimoja kwenye maji yaliyokuwa na viwili. Wenzangu wale hawakuwa wazembe. Waliulizwa nusu ya swali.

Usiri huvaa pia joho la sheria. Agosti 2006 taka zenye sumu kutoka meli ya Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya biashara ya mafuta ya Trafigura, zilimwagwa sehemu mbalimbali za Abidjan, nchini Ivory Coast. Makumi ya maelfu ya watu walikwenda kutafuta matibabu. Mwezi uliofuata kampuni ilikuwa na ripoti ya awali ya wataalamu iliyoeleza madhara ambayo taka za aina ile zingeweza kuleta. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2009, mahakama ya Uingereza ilizuia gazeti kuichapisha ripoti hiyo, na hata kutaja kwamba kuna zuio lilikatazwa. Lilivunjika Oktoba, baada ya mbunge kuuliza swali bungeni. Kampuni ilisema ripoti ilikuwa rasimu tu na ni siri kati yake na mawakili wake. Mimi nilisoma habari ile nikiwa na swali moja: daktari wa Abidjan, aliyekuwa na foleni ya wagonjwa wanaotapika na kutoka damu puani, angefanya nini na karatasi zile kama zingemfikia Septemba 2006?

Hamhitaji kubuni sheria mpya kutoka hewani. Mwaka 1992, Rio de Janeiro, mataifa yaliandika katika kanuni ya 10 ya azimio lao kwamba kila mtu awe na njia ya kupata taarifa za mazingira zilizoko mikononi mwa mamlaka, zikiwamo za vitu na shughuli za hatari katika jamii yake. Mkataba wa Aarhus, uliotiwa saini Denmark 1998 na kuanza kutumika 2001, ukaliweka jambo hilo kisheria. Unaruhusu ombi likataliwe ili kulinda siri ya kibiashara iliyo halali. Papo hapo sentensi inayofuata inasema kwamba taarifa za vinavyotolewa kwenye mazingira, zenye umuhimu kwa ulinzi wake, zitatolewa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2003 ikakaza kamba zaidi: ombi linalohusu vitu vinavyotolewa kwenye mazingira halikataliwi kwa hoja ya siri ya biashara, basi. Amerika ya Kusini na Karibi zina mkataba wao wa namna hiyo, Mkataba wa Escazú wa 2018. Na mwaka 2023 Guinea-Bissau ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kujiunga na Aarhus, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu na viwanda vyao.

Mpaka wa uzio ninaousema umeshapimwa mahakamani. Chama kimoja cha Uholanzi cha kuwatetea nyuki kiliomba nyaraka za kiuatilifu chenye imidaklopridi, kampuni ya Bayer ikapinga. Tarehe 23 Novemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba vitu vinavyotolewa kwenye mazingira si moshi wa viwanda na maji ya mabomba tu. Dawa inayopuliziwa shambani nayo imetolewa, na taarifa za kinachobaki na madhara yake zimo ndani ya haki hiyo. Siku hiyohiyo, katika shauri jingine lililohusu glifosati, dawa ya kuua magugu, mahakama ikaonya kwamba si kila karatasi inayogusa kemikali inageuka taarifa ya aina hiyo, la sivyo siri ya biashara isingebaki na maana yoyote. Waliokuwa wakiomba nyaraka hizo hatimaye walishindwa mwaka 2018. Nimeitaja hukumu ya pili makusudi. Wanaosema kwamba ukifungua mlango huu utang'oka na bawaba zake, waisome. Mpaka unaweza kuchorwa, na ukichorwa kwa haki kila upande utapoteza kitu.

Sasa niseme na maofisa, maana mawaziri husaini sheria lakini wino mnaushika ninyi. Naijua hofu yenu. Ombi la mwananchi lina ukurasa mmoja, barua ya mawakili wa kampuni ina ishirini. Ofisa akikosea kwa kutoa, anaweza kushtakiwa na kuitwa aliyeua biashara. Akikosea kwa kuficha, hakuna anayejua, kwa sababu kosa lenyewe limefunikwa na wino uleule. Mtu yeyote akiwekwa kwenye mizani ya namna hiyo ataficha. Silaumu roho zenu. Nalaumu mizani, na wanaoweza kuirekebisha ndio niliowataja mwanzoni mwa barua hii.

Marekani waliishi na mizani hiyo kwa miongo minne. Chini ya sheria yao ya kemikali ya 1976, kampuni ilidai usiri na dai likakaa hapo bila kupingwa na bila kikomo. Wakaguzi wa Bunge lao waliripoti mwaka 2005 kwamba karibu asilimia 95 ya taarifa za kemikali mpya zilizowasilishwa zilikuwa na sehemu iliyodaiwa kuwa siri. Hakuna nchi yenye siri za kweli nyingi kiasi hicho. Ilikuwa tabia tu: ukipewa kisanduku cha kutia alama bila gharama, utatia alama. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa. Anayedai usiri sasa anatoa sababu zake mwanzoni, mamlaka inatakiwa kuyapitia madai badala ya kuyapokea tu, na ulinzi kwa kawaida hukoma baada ya miaka 10 asipouhuisha kwa sababu mpya.

Hiyo ndiyo ninayoiomba, na niseme kwa maneno ya kazini. Kampuni inapoleta ombi la kibali au ripoti yake, ilete nakala mbili: moja kamili, moja ya umma. Pale ilipofuta, iandike pembeni ni hasara gani itapatikana na itapatikanaje, mstari kwa mstari. Kufuta kurasa nzima kukataliwe siku hiyohiyo kaunta, kabla jalada halijafunguliwa. Majina ya vitu vinavyotoka nje ya uzio, kiasi chake, mahali vinapotokea na matokeo ya vipimo vyake visipewe hata nafasi ya kudaiwa kuwa siri. Mwombaji anapokataliwa, apewe barua yenye sababu, yenye jina la ofisa aliyeamua, inayoeleza faida ya umma ilipimwaje dhidi ya hasara ya kampuni, na inayomwelekeza pa kukata rufaa. Na "kampuni haikukubali" isiandikwe tena kama sababu. Kuisikiliza kampuni ni wajibu wenu, lakini uamuzi ni wenu.

Yapo ambayo yatabaki siri kwa haki, na hapo pia kuna njia. Daktari mwenye mgonjwa mbele yake na maabara yenye sampuli ya maji ya umma wapewe jina la kemikali hata kama umma mzima haupewi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 takribani tani 40 za gesi ya methili isosayaneti zilitoka kwenye kiwanda cha Bhopal, India, na madaktari wakapokea maelfu ya watu waliokuwa wakikosa pumzi na kupofuka bila kujua wanatibu sumu gani. Miaka miwili baadaye Marekani ilipitisha sheria ya haki ya jamii kujua. Chini yake viwanda hutangaza kila mwaka kiasi cha kemikali za sumu vinachotoa, na mtu yeyote anaweza kusoma. Kampuni inaweza kuomba jina la kemikali lifichwe, ila itoe hoja zake, na kwenye dharura ya matibabu daktari apewe jina hilo bila kungoja karatasi. Imepita miongo kadhaa. Waliobashiri kwamba washindani wangeiba kila kitu kupitia orodha zile hawajaonyesha wizi huo.

Woga kama huo ulikuwapo kuhusu mabwawa ya topesumu ya migodini. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la Brumadinho, Brazili, lilipasuka na kuua watu 270. Miezi michache baadaye wawekezaji, wakiongozwa na mifuko ya pensheni ya Kanisa la Uingereza na ya Uswidi, waliziandikia zaidi ya kampuni 700 za madini wakitaka ziseme hadharani kila bwawa lilipo, lina urefu gani, limejengwaje na likipasuka ni hatari kiasi gani. Januari 2020 taarifa za mabwawa zaidi ya 1,700 zikawekwa wazi kwa wote. Kilichonigusa ni kwamba nguvu iliyofungua makabati hayo ilikuwa ya wenye fedha. Wanaoishi chini ya kuta za mabwawa walikuwa wameomba miaka mingi. Mamlaka zilikuwa na uwezo huohuo kisheria, na ninyi mnaujua kuliko mimi.

Jambo moja dogo lililobaki: msikubali kampuni binafsi inayofanya kazi ya umma ijifiche nyuma ya ubinafsi wake. Nchini Uingereza kampuni za maji zilizobinafsishwa zilidai kwamba sheria ya taarifa za mazingira haizihusu. Shauri lilifika hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2013, na mwaka 2015 baraza la rufaa la Uingereza likaamua kwamba zinahusika, kwa kuwa zimepewa nguvu maalumu za kisheria ambazo mfanyabiashara wa kawaida hana. Anayepewa nguvu za umma apokee na maswali ya umma.

Waheshimiwa, sijawaomba mniruhusu kuingia ndani ya kiwanda. Sitaki fomula ya mtu. Ombi langu la mwanzo bado liko masijala ya moja ya ofisi zenu, na mle ndani kuna kiambatisho chenye safu mbili ninazozihitaji: majina ya kemikali na kiasi kwa siku. Chupa ya maji ya wale wakazi niliihifadhi kwenye jokofu la maabara, nimeifunga na kuiandika tarehe. Kemikali nyingine huoza hata kwenye baridi, kwa hiyo sijui itaendelea kunifaa hadi lini. Yule bibi amekuja mara mbili kuuliza kama nimejibiwa.

Wenu katika kazi,
Mpima maji